Mwiba Mmoja wa Nungu Tarishi

"Dada yangu, umeamua kulihamisha duka?"

Mshonaji hakugeuka mara moja. Siku hizo hakuwa na nguvu za kufanya jambo lolote mara moja. Alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, watu wamembana kulia na kushoto, huyu anaulizia balbu, yule anagombana kuhusu waya uliokatwa mfupi, na mbele yake muuzaji alikuwa akirundika pakiti za vifungo vya plastiki, vile vyembamba vya kufungia nyaya. Alikuwa ameagiza vyote vilivyokuwemo dukani.

"Samahani," sauti ile iliendelea nyuma yake. "Hivyo vyote ni vyako peke yako?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa ovaroli ya kijivu yenye grisi kifuani, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu kama ukurasa uliowekewa alama. Macho yake yalikuwa na uchovu, lakini yalikuwa yanacheka.

"Vyote," mshonaji alisema. "Kuna tatizo?"

"Lipo. Kuna bibi yuko ghorofa ya kumi anasubiri lifti, na lifti haitoki ilipo mpaka mimi nifunge nyaya zake. Nataka pakiti moja tu. Mbili, nikijaliwa."

"Mimi nataka zote."

"Unafunga nini, mji mzima?"

"Kazi."

"Kazi gani inakula vifungo kama njugu?"

"Kazi isiyotaka maswali, kaka."

Yule bwana akainua mikono kusalimu amri. Kisha akaonyesha kola ya gauni lake la bluu. "Haya, siulizi. Ila una sindano shingoni. Nyingi. Na hiyo futi umeivaa kama mkufu, imekupendeza."

Mshonaji akajishika. Kweli, alikuwa ametoka karakana na futi yake ya kupimia shingoni, akakatiza mitaa yote ile, hakuna aliyemwambia. Akacheka. Ilikuwa zamani hajacheka, na kicheko kilimtoka vibaya, kwa kukwama, kama bomba lililokaa bila maji. Akachukua pakiti moja akamsukumia.

"Nipe namba yako nikurudishie," alisema fundi wa lifti.

"Chukua tu, sitaki nyingine."

"Basi nipe nikushukuru vizuri. Hapa kuna kelele."

Akampa. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini. Watu wazima waliochoka hawapeani namba madukani, wanataka kufika nyumbani wavue viatu. Lakini alimpa.

Vile vifungo vilikuwa miba. Mshonaji alikuwa idara ya mavazi ya filamu iliyokuwa ikitengenezwa kimyakimya, na alikuwa amekula kiapo cha kutoitaja kwa mtu mpaka itoke. Ilikuwa filamu ya Nungu Tarishi. Kama ulikuwa mtoto miaka ile, huhitaji kuelezwa. Kama hukuwa, basi: Nungu Tarishi alikuwa nungunungu aliyepeleka barua kwa baiskeli, na kwa sababu ya miba yake kila barua ilifika imetobokatoboka, na kila mwenye barua alilazimika kuyabahatisha maneno yaliyotobolewa, hapo ndipo vituko vilipoanzia. Alianza kwenye gazeti la watoto, akahamia kwenye televisheni, na kizazi kizima kilimpenda kama ndugu.

Mshonaji peke yake ndiye aliyekuwa hamjui. Kwao yeye alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mama yake alikuwa mtu wa zamu, na saa ya katuni ilikuwa saa ya kuogesha wadogo zake, kupika na kufua. Alimsikia Nungu kutoka jikoni tu, kengele ya baiskeli yake na wadogo zake wakicheka. Sasa ndiye aliyepewa kazi ya kumvika.

Fundi alipiga simu kesho yake.

"Sindano, umekula?"

"Nani Sindano?"

"Wewe. Umekula?"

"Nimesahau."

"Mtu anasahauje kula? Mimi nikisahau, tumbo linanipigia kelele mpaka abiria wa lifti wanashtuka."

Akapiga tena na tena. Hakuwa mtu wa maneno ya asali, na hilo ndilo lililompendeza mshonaji. Aliulizia miguu, aliulizia mgongo, aliulizia kama amelala. Siku alipomsindikiza nyumbani akaona kuwa lifti ya jengo lao haifanyi kazi na mpenzi wake anapanda ngazi hadi ghorofa ya saba, alisonya, akarudi mwisho wa juma na sanduku la vifaa vyake, akaitengeneza bila kumuuliza mwenye nyumba wala nani. Jengo zima lilimshangilia. Mama wa ghorofa ya tano, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alimshika mshonaji mkono pale koridoni.

"Mwanangu, huyo usimwache. Wengine wanaleta maua, huyu ameleta lifti."

Sasa balaa lilikuwa hili: fundi alikuwa mpenzi wa Nungu Tarishi, tena si mpenzi wa hivihivi. Kulikuwa na kundi kubwa kwenye simu la watu waliokua na Nungu, lililoitwa Posta Kuu, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Walimwita Postamasta. Alitoa maoni yake kwa ujumbe wa sauti, akiwa juu ya vyumba vya lifti, na sauti zile zilisambaa hadi kwa watu wasiomjua. Siku alipomtajia mshonaji Nungu kwa mara ya kwanza, mkasi ulimponyoka.

"Inasemekana wanatengeneza filamu," fundi alisema. "Ya watu halisi, si ya kuchora. Wakimharibu Nungu wangu sijui nitafanya nini."

"Utafanya nini kweli? Ni katuni, mpenzi."

"Sindano, usinichokoze."

"Nakuuliza tu."

"Nitalia. Mwanaume mzima, nitalia."

Mshonaji alitamani kumwambia palepale. Ulimi ukamwasha, lakini kiapo ni kiapo, na kazi aliihitaji. Akamwambia amuunganishe tu na hiyo Posta Kuu, naye awe anasikiliza.

Kisha ikaja Jumapili moja mchana. Walikuwa kwake, wamekaa sakafuni wameegemea kitanda, chai imepoa kwenye vikombe, hakuna aliyekuwa na nguvu za kuipasha. Mshonaji alimgusa lile sikio lililokunjika.

"Hili lilifanywa na nini?"

"Nimezaliwa nalo. Shuleni walikuwa wananiita Karatasi. Siku moja nikarudi nyumbani nalia kwamba sirudi tena shule. Dada yangu ndiye aliyekuwa ananisomea gazeti la Nungu, mimi kusoma bado. Toleo lililofuata, naona Nungu ana mwiba mmoja mwekundu, hapa juu ya sikio la kushoto. Umepinda. Namuuliza dada, huu vipi? Akaniambia, 'Nungu naye amezaliwa hivyo. Wewe hukuwa unaangalia vizuri.'"

"Ameuchora yeye."

"Kwa kalamu nyekundu. Toka siku hiyo kila toleo likija alijifungia kwanza chumbani, akauchora kila ukurasa, ndipo akanisomea. Na mimi zuzu nikaamini miaka na miaka! Nilipigana darasani, Sindano. Mwenzangu kaja na gazeti lake, Nungu hana mwiba mwekundu, nikamwambia lako la bandia. Tukakunjana mashati mpaka mwalimu akaja."

Mshonaji alicheka mpaka akaegemea bega lake. "Yuko wapi huyo dada? Nimpe mkono."

"Hayupo." Akazungusha kikombe. "Aliugua, mimi niko mwanzo wa kazi. Wale wa Posta Kuu wanadhani nampenda nungunungu. Hili la mwiba sijamwambia mtu yeyote. Wangenicheka."

Mshonaji alimpenda siku ile kwa kiasi kilichomwogopesha. Na siku ileile alijua cha kufanya.

Kazini mambo yalikuwa yamewafika shingoni. Vazi la Nungu lilikuwa tayari: kila kifungo cha plastiki kimekatwa ncha, kimetiwa rangi, kimeshonewa kwa mkono juu ya fulana nene, kimoja baada ya kingine, mpaka vidole vya mshonaji vikawa na matundu mengi kuliko barua za Nungu. Lilikuwa vazi zuri sana. Ukilitikisa lilitoa mlio wa mvua kwenye bati. Mwongozaji wa filamu, kijana mwenye miwani iliyopandishwa kichwani wakati wote, alilizunguka mara moja, akasema, "Ng'oa."

"Ning'oe nini?"

"Miba. Yote. Mzee anayelivaa hawezi kukaa kwenye gari, hapiti mlangoni, na wakubwa wanasema watoto wataogopa. Kompyuta itaiweka baadaye."

Mshonaji alikaa sakafuni na mkasi, akaing'oa. Hakulia, machozi nayo yanataka nguvu. Kompyuta haikuja kuiweka, sababu haikutolewa, na Nungu Tarishi akabaki mnene wa sufi ya kijivu, kama mto wa kochi uliovaa kofia ya posta.

Lakini mwiba mmoja aliubakiza. Aliupinda kwa moto wa pasi, akautia rangi nyekundu, akaushonea kwenye kichwa cha vazi, juu ya sikio la kushoto, chini ya kofia. Mwigizaji wa Nungu, mzee mpole mwenye kikohozi, aliupapasa.

"Binti, huu ni wa nini? Haumo kwenye mchoro."

"Ni wa mtu, mzee wangu."

Mzee alimtazama usoni, akaelewa kiasi chake. "Basi kwenye tukio la mwisho nitavua kofia taratibu, auone vizuri."

Akaivua taratibu. Katika tukio la mwisho kabisa la filamu, Nungu mzee amestaafu, amekaa kwenye ngazi za posta, anavua kofia, na mwiba mmoja mwekundu unasimama kichwani, umepinda. Mwongozaji aliupenda, akajisadikisha kuwa lilikuwa wazo lake. Mshonaji hakumkatalia.

Filamu ilipotangazwa na mabango kubandikwa, Posta Kuu iliwaka moto. Mshonaji alisikiliza zile sauti huku akishona sare za hoteli, maana kazi ya filamu ilikuwa imekwisha na maisha yanaendelea.

"Jamani, huyu ni nungunungu au godoro?"

"Baiskeli yake ilikuwa na kengele mbili. Mbili! Hii moja ni ya nani?"

"Nimemwonyesha mwanangu lile bango, ananiuliza, baba huyu ni kondoo?"

"Mbona mnalia kama mmefiwa? Waacheni watoto wapate wao. Ya kwetu tulishaipata."

"Wewe nyamaza, wewe ulikuwa unatazama ile ya sungura."

Na kila baada ya sauti mbili tatu mtu aliuliza: Postamasta anasemaje? Tunamsubiri Postamasta.

"Nenda ukaitazame," mshonaji alimwambia kwenye simu siku moja kabla. "Ukae mpaka mwisho. Usitoke kabla."

"Mbona kama wewe ndiye unayeuza tiketi?"

"Niahidi tu."

"Nakuahidi, mpenzi. Siku ya kwanza, onyesho la kwanza. Nikitoka, wewe ndiye wa kwanza kupigiwa."

Siku ile mshonaji aliiweka simu juu ya cherehani, kioo juu. Alishona kola za sare akiitazama simu, akaitazama mpaka akashona kola moja kinyume. Alijiona anasikia atakavyonyamaza kwanza, kisha atakavyoita jina lile alilompa. Mchana ukapita. Ikaingia sauti, lakini haikuwa ya kwake peke yake. Ilikuwa ya Posta Kuu.

"Ndugu zangu, Postamasta hapa. Nimeitazama." Alipumua kwa uzito. "Sina mengi. Wamemchukua Nungu wetu, wamemvua miba, wakamvika godoro. Nasema hivi: aliyeshona lile vazi hajawahi kuwa mtoto. Kwao huyo hakukuwa na utoto. Mtu aliyewahi kuwa mtoto hawezi kufanya kitu kile. Msiende. Bakini na kumbukumbu zenu."

Mshonaji aliisikiliza mara moja tu. Ilitosha. Maneno ya watu wengine yote alikuwa ameyavumilia, hata lile la godoro aliliona la haki. Hili lilimpata pale ambapo hapakuwa na ngozi, kwa sababu lilikuwa kweli. Akampigia.

"Umeitazama?"

"Nimeitazama, Sindano. Nilikuwa nataka kukupigia, kichwa kinauma."

"Yote?"

"Yote."

"Mpaka mwisho? Mpaka anapokaa kwenye ngazi?"

Fundi akakohoa. "Mpaka mwisho. Nimeteseka mpaka mwisho."

"Na hukuona kitu."

"Kitu gani cha kuona? Takataka tupu."

Mshonaji akaiweka kola chini. Ameuona mwiba wa dada yake, akauita takataka. Au basi hadithi ya dada ilikuwa ya kutungwa, ya kulainishia wanawake sakafuni kwenye chai. Hakujua lipi baya zaidi.

"Lile vazi nimelishona mimi," alisema.

"Unasema?"

"Vile vifungo vilikuwa miba yake. Niliambiwa niing'oe, nikaing'oa. Mimi ndiye niliyelishona. Na umesema kweli, sijawahi kuwa mtoto. Hukukosea."

"Sindano, ngoja. Sikujua. Mpenzi, ngoja kwanza—"

Hakungoja. Alikata simu, akashika tena kola aliyoishona kinyume, akaanza kuifumua.

Fundi alipiga, hakupokelewa. Akaandika, hakujibiwa. Akaja mpaka mlangoni kwake, akazungumza na mbao za mlango. "Nisamehe kwa nilichosema." Mshonaji akamuuliza kutoka ndani, "Na ulichokiona?" Fundi alisimama pale, viatu vyake vikisikika akihamia mguu huu na ule, kisha akaondoka. Mshonaji akachukua kule kunyamaza kama jibu.

Na lifti, kana kwamba ilisikia, ikafa.

Wiki zikawa za sare na ngazi. Asubuhi alishuka, jioni alipanda, mkono mmoja ukuta, mkono mmoja mfuko wa vitambaa. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ghorofa ya tano yule mama alikuwa amejiwekea kiti nje ya mlango wake, kazi yake kumsubiri.

"Mwanangu, mmegombania nini nyie wawili?"

"Katuni, mama."

"Katuni?"

"Katuni."

Mama alijikanda goti. "Mimi na mume wangu tuligombana kwa mambo ya maana, na bado tulipatana. Nyie mnataka kuniua ngazini kwa katuni. Mpigie simu kijana wa watu. Msipopatana kwa ajili ya mapenzi, pataneni kwa ajili ya magoti yangu."

Mshonaji alicheka kwa pua, akaendelea kupanda. Hakupiga. Lakini hakuwa amejitoa Posta Kuu pia, na hili hakumwambia mtu. Usingizi ukimkimbia alisikiliza, akitafuta sauti moja, na ile sauti haikuwepo. Postamasta alikuwa kimya tangu siku ile. Watu walimwita, wakamtania, wakamchoka. Wengi walikuwa wamemtii hawakwenda sinema, na wachache waliokwenda walitoka nusu, wakajisifu kuwa wametoka nusu.

Mpaka jioni moja mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu wa kulalamika kwa utaratibu, akatuma sauti.

"Nimeitazama yote, maana tiketi nimeilipia. Godoro nimelisamehe. Kengele nimeisamehe. Lakini nina swali, na Postamasta anijibu kama yu hai. Mwisho kabisa yule mzee anavua kofia, kuna mwiba mmoja mwekundu, umepinda, juu ya sikio la kushoto. Umetoka wapi? Magazeti ninayo yote, kwenye gazeti haumo. Kwenye televisheni haumo. Wametunga tu kutoka hewani! Hivi hawa watu wana heshima kweli?"

Mshonaji alikaa kitandani ameishika simu. Alisubiri. Chini ya ile sauti watu wakaanza kuunga mkono: kweli, umetoka wapi? Mwiba mwekundu wa nini? Postamasta hakusema neno. Mshonaji akazima simu, akajifunika. Basi, alijiambia. Basi tena.

Kesho yake alirudi jua linazama, mfuko wa sare begani, akasukuma mlango wa chini wa jengo, na mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza. Ovaroli ya kijivu. Sanduku la vifaa miguuni. Macho yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Nipishe," mshonaji alisema. "Ni ghorofa saba."

"Nimeuona."

Mshonaji aliinua mguu kuliruka sanduku.

"Nimeuona leo," fundi alisema. "Mchana huu. Tulikuwa watu watatu ukumbini, mmoja kalala. Mzee akavua kofia." Alishika sikio lake, na mkono ukabaki palepale. "Nikasimama. Nikasema 'dada' kwa sauti. Yule aliyelala akaamka."

"Leo." Mshonaji aliteremsha mfuko. "Ulisema uliitazama siku ya kwanza. Ukaniambia mpaka mwisho. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Nilidanganya."

"Unadanganyaje kitu kama hicho?"

"Nilifika mpaka mlangoni, Sindano. Tiketi mkononi. Nikaliona bango, Nungu hana hata mwiba mmoja, miguu ikakataa. Nikajiambia, nikiingia humu nikatoka, nitakuwa nimebaki na huyu wa godoro, na yule wa dada yangu atafutika. Nikarudi nyumbani. Na wao huku wananisubiri, Postamasta sema, Postamasta sema. Nikasema. Sote kule tunasema hivyo, nusu yetu hatujaitazama." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Uliponiambia ni wewe, nikaona aibu kukwambia kuwa nimekutukana kwa kitu ambacho hata sijakiona. Nikadhani uongo utakuwa mdogo kuliko aibu."

Mshonaji alikaa. Wakawa wamekaa ngazi moja, mfuko wa sare katikati.

"Mimi nilidhani umeuona ukauita takataka," alisema. "Wiki zote hizi napanda ngazi hizi nikijua umeuona ukauita takataka. Nilidhani hata dada hukuwa naye."

"Mungu wangu. Hapana."

"Umeniumiza sana."

"Najua."

"Hujui. Kile ulichosema ni kweli. Mimi sikuwahi. Nilimshona huyo nungunungu wenu nikiwa namjua kwa kengele tu, toka jikoni. Kitu pekee nilichokijua juu yake ni ulichoniambia wewe."

Fundi akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka mdomoni. Sauti yake ilikuwa imechakaa.

"Posta Kuu, Postamasta hapa. Ile siku sikuwa nimeitazama. Niliwadanganya. Leo nimeitazama. Ina makosa mengi, kengele ni moja kweli. Lakini mwalimu ameuliza mwiba mwekundu umetoka wapi. Umetoka kwetu. Dada yangu aliuchora kwa ajili yangu, na aliyeshona vazi aliuweka pale kwa ajili yangu, na nikamtukana. Nendeni mkaitazame kabla hawajaiondoa. Na huo upostamasta, mpeni mwingine." Akaachia kidole.

"Watakucheka," mshonaji alisema.

"Wacheke." Akafungua sanduku la vifaa. Juu ya bisibisi na koleo kulikuwa na rundo la magazeti ya watoto, yamefungwa kwa kifungo kimoja cha plastiki, karatasi zimekuwa njano. "Nimekuletea. Naanza na lifti, au naanza na haya?"

Kutoka juu, sauti ilishuka ngazini, haikuwa na haya hata kidogo. "Anza na lifti!" alipiga kelele mama wa ghorofa ya tano.

Akaanza na lifti. Mshonaji alimshikia tochi, na hawakuzungumza sana, nipe hiki, shika hapa. Ilipoamka kwa kukoroma wakapanda nayo, yeye ameegemea bega la ovaroli, ameziba pua kidogo kwa ajili ya grisi, lakini ameegemea. Ghorofa ya tano milango ilifunguka bila mtu kuibonyeza kutoka ndani. Mama aliwatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema atasubiri irudi.

Chumbani mshonaji alivua viatu, akajilaza kitandani na gauni lake la kazini, futi bado shingoni. Fundi alikaa sakafuni, akaegemea kitanda, akakata kifungo cha yale magazeti.

"Toleo la kwanza," alisema. "Hili halina mwiba, dada alikuwa bado hajaanza. Unataka niruke?"

"Usiruke. Nataka yote, tokea mwanzo."

Hakuna mtu aliyewahi kumsomea kitu. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji, mwimbaji, mbembelezaji wa wadogo zake wote. Wa kumsomea yeye hakuwepo. Alisogea ukingoni mwa kitanda aone picha. Fundi akasafisha koo, akasoma kwa sauti mbili, moja ya Nungu na moja ya bibi mwenye barua iliyotoboka, na ile ya bibi ilikuwa mbaya sana. Mshonaji akacheka na macho yamefumba.

Katikati ya ukurasa fundi akasimama. "Sindano."

"Mm."

"Nikimaliza hili, nina swali la kukuuliza. Si la katuni."

"Najua ni lipi," alisema, sauti imeshazama nusu usingizini. Mkono wake ukashuka kutoka kitandani, ukatafuta lile sikio lililokunjika, ukalishika. "Jibu ni ndiyo. Soma."

Fundi akarudisha kidole kwenye mstari, akasoma. Nungu akapanda baiskeli, akapiga kengele zake zote mbili, akaelekea nyumba ya pili. Kabla hajafika, mshonaji alikuwa amelala.